Bendi ya Katuba na Sahani za Baba

Ukimuuliza mtu wa Katuba kama mtaani kwake kuna bendi ya roki, atakucheka kwanza, halafu atakuuliza ni ya kanisa gani. Umweleze zaidi: gitaa linalonguruma, ngoma, mwimbaji mwenye chaki mfukoni. Hapo atakaa kidogo, kisha atasema, "Aa, bale ba kilio." Ndiyo. Wale wa kilio ni sisi, na mpiga ngoma ni mimi.

Tuna wimbo mmoja tu unaotembea. Unatoka simu hadi simu, watu wanautia kwenye kadi kwa mwenye kibanda pale stendi, na wanaojifanya wajuzi wakiusikia wanasema katikati kuna sahani ya ngoma inayolia kama sufuria lililojaa bukari, ule ugali wetu. Wanasema maskini mpiga ngoma, alikosa vyombo vizuri siku ile ya kurekodi. Sikukosa. Vyombo vizuri vilikuwepo, vinang'aa, karibu na mkono wangu wa kuume. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Tulianza watatu na bado tuko watatu. Mwimbaji wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye anayepiga gitaa. Ni mtu mpole mpaka umguse wimbo wake, hapo anakugeukia kama mtoto aliyenyang'anywa sambusa. Mpiga besi ni mzaliwa wa Kipushi. Mama yake anavuka mpaka kwenda Zambia kuuza na kununua, na kwa kuwa anampenda mwanawe kuliko anavyokubali, katikati ya marobota ya sabuni anamfichia nyuzi za gitaa. Huko Kipushi redio za Zambia zinaingia vizuri kuliko za kwetu, kwa hiyo yeye alikua akisikia roki ya zamani ya Wazambia, na ndiye aliyetuambukiza ugonjwa huu. Wa tatu ni mimi. Kazi yangu ni kusuka nywele, kwenye baraza ya mama inayotazama uani. Watu wanashangaa mwanamke kupiga ngoma, lakini mtu anayesuka tangu asubuhi mpaka jua lizame ana mikono kuliko mwanaume yeyote wa bendi za mjini. Asiyeamini aje tushikane viganja.

Jina la bendi silitaji. Tumelibadilisha mara nyingi, kila mara tukilipaka rangi juu ya lile la zamani kwenye ngozi ya ngoma kubwa, na mpaka leo mwalimu na mpiga besi hawajapatana. Nikiandika moja, mwingine atanuna mwezi mzima.

Sasa baba. Habari ya bendi hii bila baba haisimami, na niseme wazi tangu hapa kitu nilichokuwa nakitaka miaka yote ile: nilitaka baba anisikie nikipiga, mara moja tu, kabla masikio yake hayajafunga kabisa. Watu walidhani nataka kutoka kwenye televisheni. Wapi. Nilitaka mtu mmoja akae kwenye kiti mbele yangu asikie.

Baba ni fundi wa shaba. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani za babu yake, Waislamu, watu wa biashara na kazi za mikono, na yeye alichagua nyundo. Karakana yake ni mabati juu ya nguzo, nyuma ya nyumba, ndani ya lupango letu, yaani kiwanja chetu. Anapiga mabamba ya shaba mpaka yatoe swala, wanawake wanaotwanga, ramani ya nchi, masinia ya harusi. Watu wa mjini wananunua wanatundika sebuleni. Utoto wangu wote nililala mchana katikati ya makelele ya nyundo ile, na ilikuwa ikinyamaza ndipo ninaamka. Ngoma sikufundishwa na mtu. Nilipokaa mara ya kwanza mbele ya ngoma, mikono ilifuata tu kile ilichokuwa inakisikia tangu kuzaliwa.

Nyundo ile ile ikamla masikio. Siyo kwa siku moja. Kwanza redio ilipanda sauti. Halafu akaanza kukaa upande fulani wa meza, ule wa sikio zuri. Halafu hakuna upande uliobaki mzuri, na hapo akapata ujanja wake: kila alichoambiwa alijibu "sawa." Umwambie chumvi imekwisha, sawa. Umwambie mvua inakuja atoe nguo, sawa, na nguo zinalowa. Mama alizoea kumtania: "Papa yenu anasemaka sawa ata ku moto." Ijumaa msikitini alifuata mabega ya jirani, akiinama yeye anainama, na hakuna aliyejua. Siku moja mzee wa nyumba ya pili alikuja kumwambia kwamba mkewe amefariki, na baba akamshika mkono, akatabasamu, akasema, "Sawa, tumushukuru Mungu." Mama aliruka kutoka jikoni mikono imejaa unga ili kuokoa heshima ya nyumba. Nilikuwa pale. Sikucheka siku ile na siwezi kucheka mpaka leo.

Neno moja baba hakulisema miaka ile yote, nalo ni "sikusikia." Hakuna aliyemsikia akilisema, siyo mama, siyo mimi. Alikuwa radhi aonekane mjinga, aonekane mkorofi, lakini kiziwi hapana. Na sisi tulimheshimu hivyo hivyo. Nyumbani kwetu mambo ya aibu ya mzazi hayasemwi.

Ngoma zetu tulizipata kwenye kanisa moja la jirani lililonunua vyombo vipya. Walituachia zile za zamani, bila simbali. Simbali ni zile sahani za chuma zinazosimama juu ya ngoma, ambazo Biblia inaziita matoazi. Bila hizo roki inakuwa chakula bila chumvi, na kuzinunua hatukuweza. Tulikuwa tunajadiliana habari hiyo uani, mwalimu, mpiga besi na mimi, kwa sauti kubwa na kwa mikono, na baba alikuwa anatutazama akiwa karakanani. Alielewa mikono. Akaja, akanigusa bega.

"Munatafuta sahani ya kupiga?"

Nikatikisa kichwa kuonyesha ndiyo.

"Shiye tuko na shaba mpaka chini ya bitanda, na munataka kununua?" Akaondoka anacheka peke yake.

Hilo kosa, nadhani, lisingetokea mji mwingine. Sahani za bendi hazifanywi kwa shaba tupu. Zinachanganywa na bati, zinapikwa na watu wanaojua kazi hiyo tu, mbali huko. Lakini hapa kwetu shaba ni jibu la kila kitu. Babu zetu waliichimba, baba zetu waliiyeyusha, watoto wanaiokota kwenye mitaro. Nani angefikiri kwamba kuna kitu cha chuma ambacho shaba yetu haikiwezi?

Alizifanya wakati wa mvua, wakati wateja wanapungua. Alichoma mabamba motoni yalainike, akayagonga duara kwa duara kutoka katikati kwenda ukingoni, akayasugua kwa ndimu na majivu mpaka yakawa mekundu kama jua la saa kumi na mbili. Zilikuwa nne. Nilikuwa nasuka barazani na kila siku niliiona moja inakua. Alinikataza kuzigusa kabla hazijakwisha.

Siku ya kutukabidhi alivaa kanzu, eti. Mwalimu na mpiga besi waliitwa, mama akatoa viti, tukasimamisha sahani juu ya vyuma alivyochomelea mwenyewe. Baba akachukua kijiti changu akapiga ile kubwa.

Ikasema bu.

Bu, kisha kimya. Kama mtu aliyepiga mto. Baba akainamisha kichwa upande, vile alivyokuwa anafanya zamani akisikiliza bamba, akakaa hivyo muda mrefu, uso umejaa furaha. Kisha akatugeukia.

"Munasikia?"

Mpiga besi alitazama viatu vyake. Mwalimu alinitazama mimi. Sote tulielewa kwa wakati mmoja: mtu ambaye masikio yake bado yana chochote ndani asingeweza kuuliza vile. Tulikuwa tunajua hasikii vizuri. Hatukujua amefika mbali namna ile.

"Tunasikia, papa," mwalimu akasema, akitamka polepole ili midomo isomeke.

"Inalia muzuri?"

"Inalia muzuri sana."

"Sawa," baba akasema, na safari hii alikuwa anasema kweli.

Nilimkasirikia mwalimu kwa uongo ule, na papo hapo ningemgombeza kama angesema kitu kingine. Ndivyo nilivyo. Mama alipoona mambo yameenda vile, akaingia ndani na kesho yake akaniomba sahani moja ndogo ya kuanikia mboga. Nikampa. Kwa sombe, majani ya muhogo, ilikuwa nzuri kweli.

Tukabaki na tatu, na tukaanza kupiga nazo. Ndivyo bendi yetu ilivyopata sauti yake, kama kuna anayetaka kuandika historia. Hatukuamua. Roki inataka kung'aa, inataka ile sauti ndefu juu inayofunika makosa, na sisi hatukuwa nayo. Mwalimu alijikuta anaacha nafasi katika gitaa, kwa sababu bila sauti ya kuzifunika nyuzi zake zilibaki uchi. Mpiga besi akashuka chini zaidi. Mimi nikahamia kwenye ngoma nene, na sahani nikazigusa pale tu wimbo unapodai. Kwenye wimbo wetu ule mmoja kuna mahali kila kitu kinasimama na sahani kubwa inapigwa peke yake. Bu. Halafu tunaendelea.

Hatukupendwa. Tulipiga kwenye sikukuu ya shule ya mwalimu, wazazi wakaomba rumba. Tulipiga kwenye ufunguzi wa duka la simu, mwenye duka akaja katikati ya wimbo wa pili kutuuliza kama kuna mtu amekufa. Umeme ulipokatika, na ulikatika kila mara, gitaa na besi vilinyamaza na mimi nikabaki napiga peke yangu huku wenzangu wamesimama na vyombo vyao kama watu wanaosubiri basi. Mazoezi tulifanya Naviundu, kwa shangazi wa mpiga besi, karibu na mto, kwa sababu majirani wa Katuba walitutishia. Naviundu walituvumilia. Shangazi alikuwa akifua nguo akitingisha kichwa, na kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa wapenzi wetu wote. Kipushi walitupokea vizuri zaidi, lakini Kipushi ni nyumbani kwa mpiga besi, huwezi kuhesabu watu wa familia.

Aliyebadilisha mambo alikuwa mwenye baa mmoja wa huku Katuba, mtu mnene mwenye huruma, aliyekuwa akituruhusu kupiga Jumapili mchana wateja wakiwa wachache. Aliugua, na kabla hajafa aliwaambia watoto wake anataka wale wa roki kwenye kilio chake. Watoto wakatuita wakiwa na aibu. Tulifika, turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, kina mama kwenye mikeka, wanaume kwenye moto, na tukapiga polepole kwa sababu kupiga kwa nguvu mbele ya maiti ni kukosa adabu. Tulipofika pale pa bu, mwanamke mmoja kwenye mkeka akalia kwa sauti, na wengine wakamfuata, kilio kizuri, cha kushusha mzigo. Mzee wa familia alikuja baadaye akatushika mikono. Alisema muziki mwingine wa kwenye vilio unapiga makelele juu ya kichwa cha mtu mwenye uchungu, lakini huu wetu unakaa naye chini.

Tangu hapo tukaitwa. Kilio baada ya kilio, Katuba yote, mpaka mitaa ya jirani. Bendi ya roki inayojulikana na wafiwa peke yao. Mpiga besi alilalamika kwamba hatapata mke kwa namna hii, na akampata kwenye kilio.

Baba alialikwa kila mara. Alisema sawa. Akavaa vizuri, akaja, akasalimu wafiwa, akakaa, na kila nilipochukua vijiti niliona kiti chake kitupu. Alikuwa ameshaondoka. Niliumia. Mwanzoni nilijiambia ni dini, anaona haya binti yake apige ngoma mbele za watu. Lakini ni yeye aliyezifanya sahani. Halafu nikajiambia hapendi roki. Lakini hajawahi kuisikia. Nilimuuliza mama, mama akasema niache, kila mtu na mlango wake. Nikaacha, lakini moyoni sikuacha. Niliona miaka inapita, na mimi nipo hapo hapo uani, mita chache kutoka kwake, nasuka vichwa vya watu.

Halafu akatokea mtu wa studio. Alitusikia kwenye kilio cha mjomba wake akatuambia twende kwake mjini turekodi, chumba kidogo chenye trei za mayai ukutani. Tulipiga mara moja. Akavua vile vya masikioni, akaja mpaka kwenye ngoma zangu, akazigonga sahani kwa kidole.

"Hizi zimekufa," akasema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Akafungua sanduku, akatoa sahani zake, za manjano, nyembamba, akasimamisha moja.

Niliipiga. Wee. Sauti ilitoka, ikapanda, ikakaa hewani, ikakataa kushuka. Miaka yote ile ningekuwa napiga na kitu kama hiki. Nilifurahi na nilikasirika pamoja, sikujua kipi kitangulie. Mpiga besi alisema, "Njo hii, njo hii," ndiyo hii, kama mtu aliyeona chakula. Mtu wa studio alituazima tukazizoee nyumbani, tutarudi kurekodi juma linalofuata.

Nilizifunga kwenye kikwembe cha zamani nikaziweka chini ya kitanda changu. Sikutaka baba azione, basi. Lakini mama akifagia ni mama akifagia. Asubuhi moja nilikuwa barazani na mteja, kichwa chake nimekifikisha nusu, na ufagio ukavuta kikwembe, mpini wake ukagonga moja kule ndani. Nyumba nzima ikalia. Mama akatoka mlangoni ameishika mkononi, bado inaimba, ameigeuzia sikio, na hakuweza kusogea.

"Kumbe vile njo inaliaka," akasema.

Baba alikuwa anapita uani na ndoo. Hakusikia chochote. Lakini mtu asiyesikia anasoma nyuso, na aliiona ya mama. Aliona jinsi kichwa kilivyogeuka na kikabaki kimegeuka. Akatua ndoo. Akaichukua sahani mikononi mwa mama bila kuuliza, akaipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye alama za nyundo, akaenda nayo karakanani. Mimi nilibaki na vishungi vya mteja mkononi.

Tangu masikio yalipoharibika, baba alikuwa na namna yake ya kujua bamba. Analishika ukingo kwa meno, analigonga kwa ukucha, anangoja. Kama bamba lina ufa, meno yanamwambia. Nilimwona akifanya hivyo na sahani ya manjano. Aligonga, akafumba macho, akangoja, na akangoja. Kisha akaishusha, akaenda pembeni zilipokaa ngoma zangu, akafungua sahani yake kubwa nyekundu, akaitia ukingo mdomoni, akagonga. Akafumbua macho palepale. Akagonga tena. Kisha akakaa kwenye gogo lake la kugongea.

"Mama, kuya," akaita. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mama. Nilikwenda.

"Hii inakaa mu meno," akasema, akionyesha ya manjano. "Yangu inakufa palepale."

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Muliyua tangu lini?"

Nikamwonyesha kwa mikono: tangu ile siku, siku ya kanzu.

"Beye bote?"

"Shiye bote, papa."

Alitazama sahani ile juu ya magoti yake. Nilingoja akasirike, ningependa akasirike. Badala yake akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika. "Na miye niliuliza: munasikia?" Akacheka mpaka akakohoa, mpaka akapangusa macho. Kisha akanitazama. "Na munapigaka nayo tu, miaka yote hii? Juu ya nini?"

"Juu ni weye ulitengeneza."

Hilo alilisoma vizuri kwenye midomo yangu, sikuhitaji mikono. Na mimi, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka na sikujua kama utafunguka tena, hasira yangu ya zamani ikatoka. Nilimuuliza kwa nini hakuja kutusikia. Kila kilio anaondoka. Kila mara kiti kitupu. Nilisema kwa sauti, kwa mikono, kwa machozi, sijui yeye alishika kipi.

"Nikuye kufanya nini?" akasema. "Nikae pale, bantu banitazame, nikuambie sawa? Weye?" Akatikisa kichwa. "Bengine naweza kuambia. Weye hapana."

Kumbe ndilo lilikuwa jambo. Uongo wake wa kila siku, aliowagawia mama, majirani na msikiti mzima, hakutaka kunipa mimi.

"Piga," akasema. "Hapa. Sasa."

Nikairudisha sahani yake kubwa kwenye vyuma, zikatimia tatu, ya manjano nikaiacha juu ya gogo. Mama alisimama kwenye nguzo na ufagio. Mteja wangu alikuja na kile kichwa chake nusu, amekaa kwenye ndoo, hataki kukosa. Baba akavuta kiti mpaka mbele yangu, akaweka mikono juu ya magoti. Nikapiga wimbo wetu, sehemu ya ngoma peke yake, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sikuwahi kupiga vizuri vile. Nilipomaliza niliweka vijiti chini nikamtazama, na nilijua kinachokuja. Niliona mdomo wake unaanza kukitengeneza, kwa mazoea. Kisha akaufunga.

"Sikusikia," baba akasema. "Piga tena."

Mama alitazama pembeni. Mimi nililia kabisa, bila aibu, pua na kila kitu. Baba hakunibembeleza. Alinyoosha mkono akachukua nyundo yake ndogo kutoka kwenye benchi, akainama, akaegemeza kichwa cha nyundo kwenye ubao wa ngoma kubwa, na mpini akauma kwa meno. Mkono mwingine akauweka wazi juu ya ngozi ya ngoma ya pembeni. Akafumba macho, vile alivyofanya na bamba. Akaninyooshea kidole: anza.

Nikaanza. Kwa kuwa machozi yalikuwa yananizuia kuona, nilipiga kwa kukumbuka tu. Macho yalipokauka kidogo niliona paji lake la uso linafuata. Ngoma kubwa ikigonga, nyusi zinapanda. Nilipofika pale kila kitu kinaposimama, nikapiga sahani kubwa, bu, na nikaendelea.

Baba akainua mkono. Nikaacha. Akatoa mpini mdomoni.

"Hapa ulichelewa," akasema.

Nilitaka kubisha, nina mdomo mwepesi kwa mambo ya ngoma. Lakini ilikuwa kweli. Nilikuwa nachelewa pale, siku zote, kwenye kila kilio. Mwalimu alidhani ndiyo mtindo wetu. Nilikuwa nikiipiga sahani ya baba, kisha nasubiri kidogo, nikiipa nafasi ijibu, na haikujibu hata siku moja, na siku iliyofuata nasubiri tena.

Akagonga sahani yake kwa ukucha mara moja, akaifunika kwa kiganja.

"Usiingoje," akasema. "Haitakuitikia. Piga tu, fuata njia yako."

Akarudisha mpini kwenye meno, akafumba macho. Nikaanza tena kutoka mwanzo.